Timu ya Kisamvu Yaiteka Mwanjelwa

Alhamisi ya tarehe 20 Februari 2014 mvua ilikuwa imeishikilia Mbeya tangu mchana, na banda umiza la shemeji pale Mwanjelwa lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Kila mtu kalipa 500 aone mpira wa Ulaya. Mimi nashika mlango. Saa mbili usiku inagonga, luninga inaonyesha barafu.

Shemeji alikuwa anajaribu chaneli, mara akapigiwa simu, akatoka mbio na hela yote ya kiingilio. Rimoti mfukoni mwa koti. King'amuzi chenyewe hukifungia kwenye sanduku la nondo kwa kuogopa wezi, na ufunguo hauvui shingoni hata akioga. Nampigia, hapatikani.

"Hela yetu!" vijana wa bodaboda wakaanza. Ya kurudisha ningeitoa wapi? Nikasimama mbele ya luninga, nikavuta sauti ya redioni: "Mabibi na mabwana, fainali ya Olimpiki kutoka Sochi, Urusi! Hoki ya barafu, wanawake! Marekani na Kanada!" Hapo nasoma tu maandishi ya kwenye kioo.

"Wanawake wenyewe wako wapi?" akauliza mama muuza mayai, beseni lake miguuni. Alikuwa na haki. Kofia ngumu, wavu usoni, mabega yamejazwa mapedi. Nikamwonyesha nywele zinazoning'inia migongoni, akaridhika. Kisha akalitazama lile jani kwenye vifua vya Kanada. "Hawa wa kisamvu ndio wangu." Basi, jina la Kanada likafia hapo.

Mzee mmoja wa Makete hakuvutiwa. "Barafu hata kwetu ipo. Mwezi wa sita inaunguza viazi. Mtu mzima anaichezea ya nini?" Lakini ndiye aliyegundua kwamba mchezaji akifanya rafu anawekwa kizuizini pembeni dakika mbili, wenzake wanacheza pungufu. Akanogewa. "Ningekuwa nacho kizuizi hicho nyumbani, kuna watu wangelala humo."

Kisamvu wakachapwa la kwanza, wakachapwa la pili. Zimebaki kama dakika tatu na nusu, wakarudisha moja. Halafu kipa wao akaacha goli, akakimbilia benchi.

"Kipa kakimbia!"

"Kanunuliwa huyo!"

Nikabahatisha kwamba katolewa makusudi ili aingie mshambuliaji wa ziada, na kumbe ndivyo.

"Goli wanaliacha wazi?" akauliza mzee.

"Ndiyo, mzee."

"Huyo kocha hana ndugu wa kumshauri?"

Marekani wakakinasa kile kidude cheusi wanachokipiga kwa magongo badala ya mpira, mmoja akapiga kutoka mbali. Kidude kikaanza kuteleza kuelekea goli tupu, taratibu, hakuna wa kukizuia. Mimi nimekaa mwisho kabisa wa ubao, nje ya tofali, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Kikateleza, kikateleza, kikagonga nguzo.

Banda likaruka. Ubao wetu ulikuwa umelazwa juu ya matofali tu, na wote niliokaa nao wakanyanyuka kwa mpigo. Upande wao ukapaa, wangu ukashuka, makalio yakatua katikati ya beseni la mayai. Chai ikamwagika pajani. Pilipili ya kachumbari sitaeleza ilikofika. Nikapiga ukunga, nani asikie? Zimebaki sekunde 54, Marie-Philip Poulin kasawazisha! Mbili mbili. Watu wananiruka kama dimbwi.

Mzee wa Makete akaniinamia. "Mtangazaji, sasa inakuwaje?"

"Dakika za nyongeza," nikajibu nikiwa humo humo beseni. "Anayefunga kwanza, mchezo umekwisha."

Sasa hata wale wa hela yetu wamesimama, mikono kichwani. Ndipo mlango ukafunguka: shemeji, kalowa chapachapa. Akaona barafu, akaona aibu. "Jamani, samahanini sana." Akachomoa rimoti, akabonyeza. Mpira wa Ulaya.

Ngurumo iliyotoka humo nadhani ilisikika Uyole. Mzee wa Makete, aliyeingia na mkongojo, akafika mlangoni bila mkongojo. Kampokonya rimoti, akabonyeza kila kitufe. Tukapita katuni, tukapita mahubiri, tukapita bei ya dhahabu. Tuliporudi Sochi, Kisamvu walikuwa wamelaliana juu ya barafu, glavu na magongo yametapakaa. Poulin tena, tulikuja kusikia baadaye, na dhahabu ya nne mfululizo kwa Kanada tangu 2002. Bao lenyewe hakuna mtu Mwanjelwa aliyeliona.

"Kwani mlikuwa mnaangalia hiki?" shemeji akauliza.

"Wewe kiingilio umelipa?" mzee akamjibu.

Shemeji akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akatoa 500. Mama wa mayai akaidaka kabla haijanifikia, akamwambia hiyo ni ya yai moja na chumvi, aendelee kutoa.