Usbek anahubiri wema, mlangoni kwake kaweka matowashi

Kuna riwaya moja ya barua, Lettres persanes (Barua za Kiajemi) ya Montesquieu, mwandishi Mfaransa, ilitoka 1721 bila jina la mwandishi, inahusu Waajemi wawili, Usbek na Rica, wametoka Isfahan wanaenda kukaa Paris. Huyu Usbek ndo anayenisumbua. Rafiki yake Mirza aliyebaki nyumbani anamuuliza hivi binadamu anapata raha kwa starehe au kwa wema, naye badala ya kutoa hoja anampa hadithi ya Watroglodaiti, watu walioua mfalme wao, wakaua na viongozi waliowachagua wenyewe, halafu kila mtu akashika lake. Kuna daktari mgeni aliwatibu tauni, kumlipa wakagoma, ugonjwa uliporudi wakamfuata tena, akawafukuza akawaambia nyie sumu mnayo rohoni, sasa tauni ya nini tena. Wakafa, zikabaki familia mbili tu zilizoishi kwa kupendana na kusaidiana, taifa likaota upya kutoka hapo.

Sasa wengi wanasema Usbek mnafiki, hadithi yake tuitupe. Na kweli, wakati anaandika hayo wake zake kawafungia Isfahan, matowashi, yaani wanaume waliohasiwa, wanawalinda usiku na mchana, yaani wema wa nyumba yake una kufuli. Nyani haoni kundule.

Lakini mi naona tusikimbilie huko. Mlevi akikwambia pombe mbaya hajasema uongo, na hadithi inamshinda hata msimuliaji wake, maana mwishoni Watroglodaiti wanakuwa wengi, wanataka mfalme, wanamfuata mzee mmoja mwadilifu na yeye analia, anawaambia wema umeanza kuwalemea, mnataka sheria za mfalme kwa sababu ni nyepesi kuliko desturi zenu. Hapo ndo kesi ya Usbek inapoharibika kabisa, manake kumbe anajua kwamba wema wa kusimamiwa na mtu mwingine umeshapungua, anajua na bado anaandika barua kuwahimiza matowashi wakaze.

Nikubali upande wa pili, wa wanaosema wema lazima usimamiwe, una hoja moja nzito, kwamba familia mbili kupendana ni rahisi, mji wa maelfu unahitaji sheria, hata hadithi yenyewe inaonyesha hivyo. Sawa, ila nyumba ya Usbek siyo mji. (Na wanaolalamika kwamba Montesquieu hakuwahi kufika Uajemi, ni kweli, alitegemea vitabu vya wasafiri kina Chardin, ila kwa swali hili haibadilishi kitu.)

Roxane, yule mke aliyemsifia kuliko wote kwa usafi, kumbe alikuwa na mpenzi kwa siri. Mpenzi anauawa, naye anawapa walinzi sumu, anakunywa na yeye, anamwandikia mumewe kwamba aliishi utumwani ila moyo wake haujawahi kuwa mtumwa, sheria zako nilizirekebisha nikafuata za maumbile. Hiyo ndo barua ya mwisho kitabuni, jibu la Usbek halipo.