Wewe Si Unashinda Nyumbani?

Mimi ni mtu wa programu. Naandika programu za malipo, zile ambazo mtu akibonyeza "lipa" pesa inatoka huku inaingia kule, na katikati hapo kikiharibika kitu usiku wa manane anaamshwa mimi, haamshwi mkurugenzi. Ni kazi halali, ina mkataba, ina makato ya kodi, na mshahara unachelewa kama mishahara ya watu wengine waheshimiwa. Tatizo ni moja tu: kazi yenyewe nyingi naifanyia chumbani. Siku mbili tatu za wiki naenda ofisini Kijitonyama, pale maeneo ya Sayansi. Zilizobaki nipo Sinza, kwenye apatimenti tunayochangia watatu, nimekalia kiti cha plastiki na mto chini, macho kwenye laptopu. Na katika jiji hili mwanaume mzima akionekana ndani saa nne asubuhi, kavaa bukta, basi ni mgonjwa au amefukuzwa kazi. Hakuna jibu la tatu.

Wenzangu ni wawili. Mmoja tunamwita Mhasibu kwa sababu ni mhasibu, hatukuhangaika sana. Mwingine tunamwita Kocha, na sijawahi kumwona akimfundisha mtu chochote. Nyumba tuliipata kwa utaratibu mnaoujua: kodi ya miezi sita mkononi, ya mwezi mmoja kwa dalali, na juu yake dalali akadai hela ya mguu, kana kwamba ule mguu aliukodi. Chumba masta alichukua Mhasibu. Alisema ana mzio wa choo cha watu wengi. Mpaka leo sijaona daktari aliyeandika ugonjwa huo, ila ndiye aliyekuwa ameshika risiti.

Sasa ngoja niwaambie neno linalonitoa roho. "Wewe si unashinda nyumbani?"

Mtungi wa gesi ukiisha, jamaa wa gesi atakuja saa tano, wewe si unashinda nyumbani? Fundi bomba anakuja kuangalia sinki, hajasema saa ngapi, lakini wewe si upo? Dada wa kufua, mtu wa king'amuzi, kijana wa kuchukua taka, wote nawapokea mimi. Mjomba wake Kocha alituma ndoo ya sato kutoka Mwanza, basi lilifika alfajiri, na aliyepewa namba ya kupigiwa na kondakta ni mimi. Kocha alikuwa amelala chumba cha pili. Nikamuuliza, kaka, kwa nini hukutoa namba yako? Akasema, "Nilijua wewe utakuwa macho, watu wa kompyuta hamlalagi."

Maji ndiyo usiseme. Mtaani kwetu yakipata mgao yanatoka siku wanayopenda yenyewe. Bomba linaanza kwa kukohoa, kho, kho, linatema hewa, linatema kutu, halafu kimya. Ukikisikia kikohozi hicho una dakika chache za kushuka ngazi, uwashe pampu, kwa sababu jirani wa nyumba ya pili ana pampu kubwa kuliko yetu na akiwahi yeye sisi tunabaki tunavuta upepo. Kwa hiyo mimi naandika programu sikio moja likiwa bombani. Bosi ananiuliza mtandaoni, mbona umesimama ghafla? Nitamwambia nini, kwamba simtanki ya watu kumi na mbili inanitegemea?

Na huyo bosi yuko New York. Kampuni yetu ilipata mteja wa huko, tukashangilia, tukala nyama choma, hatukupiga hesabu ya masaa. Wao wanapenda kukutana wakiwa wametoka kula mchana, saa tisa alasiri, wameshiba, wana furaha. Hapa Dar ni saa nne usiku. Saa nne usiku Sinza! Baa ya jirani ndiyo kwanza wamefungua spika ya pili. Kocha yuko jikoni anakaanga. Mimi nimejifungia chumbani, feni nimezima isipige kelele kwenye maikrofoni, jasho linanitoka kama niko mahakamani, naeleza kwa Kiingereza cha heshima kwa nini muamala wa mtu ulikatwa mara mbili. Na ikifika Novemba wanarudisha saa zao nyuma, mkutano unahamia saa tano usiku. Mpaka Machi tena ndipo wanazisogeza mbele. Taifa kubwa namna ile, limepeleka watu mwezini, halina msimamo hata kwenye saa ya ukutani.

Asubuhi yake nikiamka saa tatu, Mhasibu ananikuta sebuleni natafuta chai, anatikisa kichwa. "Una raha wewe. Mimi toka saa kumi na mbili niko barabarani." Kweli, alipanda mwendokasi akiwa amesimama kwa mguu mmoja mpaka Posta, namhurumia. Lakini saa saba za usiku nilikuwa bado kwenye seva ya watu, yeye anakoroma masta. Hiyo haina shahidi.

Turudi kwenye utaalamu wangu, maana hapo ndipo niliponyanyasika zaidi. Mtu wa kompyuta katika jengo anatakiwa ajue kila kitu chenye waya. Rimoti ya televisheni, pasi, kengele ya mlangoni, simu iliyotumbukia kwenye ndoo. Mama mwenye nyumba anaishi chini, nikishuka namwamkia, "Shikamoo mama," ananijibu, "Marahaba mwanangu, hebu njoo uniangalizie hii," na hiyo "hii" haijawahi kuwa kompyuta. Mei 12, 2024, ile Jumapili mikongo miwili ya baharini ilipokatika upande wa kusini na intaneti ya nchi hizi zetu ikalegea, alipanda ngazi mwenyewe, na magoti yale. Anataka kuongea na binti yake aliyeko Muscat, picha haiji. Nikamweleza, mama, waya umekatika baharini, huko kuelekea Afrika Kusini, meli maalumu itaenda kuunganisha. Akaniangalia kwa upole. "Sasa mwanangu, ulipokatika si ulikuwepo nyumbani?"

Lakini mwaka ule wenyewe LUKU ndiyo iliyonimaliza. Mtakumbuka mita zote za kulipia kabla zilitakiwa kuboreshwa kabla ya Novemba 24, 2024. Kipindi kile ukinunua umeme ulikuwa unaletewa makundi matatu ya tarakimu ishirini ishirini: mawili ya kwanza ya kuamsha mita, la tatu ndiyo umeme wako. Tarakimu sitini! Sababu yake naijua vizuri mno, ni mambo ya fani yetu. Kila tokeni inabeba alama ya muda ilipotolewa, na muda huo unahesabiwa kwa dakika kuanzia Januari 1993. Walioubuni mfumo walitenga nafasi ya dakika milioni 16 na ushei, wakaona inatosha, wakaenda kulala. Zikajaa 2024. Si Tanzania tu, mita za aina hiyo dunia nzima. Nilipomaliza kueleza haya kwenye ngazi, kwa fahari kabisa, nikatazama nyuso za majirani, nikaona wameelewa jambo moja: kumbe ni watu wa kompyuta ndio waliofanya hivi. Nikakabidhiwa tochi.

Mita yetu iko ukutani kwenye korido ya chini, vitufe vimefutika, cha 5 kinataka kubonyezwa na kucha. Giza. Kocha kashika tochi, anaimulika dari. Anayesoma tarakimu ni Shemeji. (Shemeji nitawaeleza, vumilieni.)

"Sita mbili, nne..."

"Sita mbili ni sita halafu mbili, au sita zipo mbili?"

"Shem, si nimekwambia sita mbili?"

"Ndiyo, lakini..."

"Zipo mbili! Mbili sita!"

"Mbili halafu sita?"

Kocha akaingilia, akasema tuanze upya taratibu, na alivyokuwa anasema akashusha mkono, tochi ikamulika miguu yetu. Mita ikaandika imekataa. Tukaanza upya. Kundi la kwanza likakubali, watu wakapiga makofi kule gizani, sikujua hata walikuwa wangapi. La pili likakubali. La tatu umeme ukarudi, na nilipogeuka nyuma yangu kulikuwa na foleni. Jengo lote wameshika simu zenye tarakimu sitini sitini, mbele kabisa mama mwenye nyumba kwenye kigoda. Usiku ule nilitibu mita mpaka kucha ikauma. Mshahara wangu ulikuwa soda moja, ya moto.

Sasa Shemeji. Huyu ni mchumba wake Kocha. Alikuja kwa wikiendi. Kwanza ikaja mswaki, baadaye ikaja draya ya nywele, halafu siku moja nikakuta sufuria zangu zimepangwa kwa ukubwa na kikombe changu cha chai kimegeuzwa cha kupimia mchele. Sisemi vibaya, jamani, toka aje nyumba inanukia iliki. Lakini kwenye mchango wa bili anahesabiwa mgeni, na kwenye maamuzi anahesabiwa mwenyekiti. Mimi mkataba ninao, sauti sina.

Niliwatengenezea mpaka programu ya kugawana matumizi. Nzuri, ina kengele ya kukumbusha nani anadaiwa nini. Mhasibu, msomi wa mahesabu, alifungua akaunti akaandika jina tu. Kocha kila kengele ikilia anajibu "sawa mkuu" kwenye grupu. Mtu pekee aliyeitumia kwa bidii ni Shemeji, asiyelipa. Alikaa sebuleni na kalamu, akapekua miezi yote, akatoka na hoja: umeme umepanda, na kwenye nyumba hii anayeshinda na kompyuta mchana kutwa ni mmoja.

Hapo nikaona basi, sasa tumeingia uwanjani kwangu. Nikachukua karatasi. Laptopu yangu inakula wati 65. Hita ya kuogea ya chumba masta, nilipanda juu ya ndoo nikasoma kibandiko chake, wati 3,500. Maana yake dakika kumi za Mhasibu bafuni ni sawa na saa tisa zangu za kazi. Na ni hita ya nini, mbona tuko Dar? Februari maji ya simtanki yanakuja yenyewe yamechemka, unaweza kukoroga uji, yeye bado anawasha hita! Sijagusa pasi. Sijagusa draya. Nikaendelea: mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, anauziwa uniti kwa shilingi 100. Ukihamishwa kwenye kundi la watu wa kawaida, uniti moja inapita shilingi 290. Nani katuhamisha kule, mimi na wati zangu 65? Halafu kuna kodi ya jengo, toka 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU. Jengo ni la mama mwenye nyumba, anayekatwa ni mpangaji. Kisheria ni deni lake. Nendeni mkamdai, mimi nitabaki kulinda nyumba, si nashinda nyumbani?

Walinisikiliza kwa adabu. Kocha alisema, "Kaka una kichwa." Shemeji akasema hoja ni nzuri, ila hayo ni makaratasi, yeye anachokijua ni kwamba kila akiingia chumbani kwangu kuchukua beseni anakuta kuna taa inawaka. Taa yenyewe ni kile kidoa cha kijani cha chaja.

Ikapangwa tukae kikao, watu wazima, tumalize. Nikasema sawa, siku yoyote, ila isiwe saa nne usiku. Wakakubali. Kikafanyika saa nne usiku, Mhasibu alichelewa foleni. Niko chumbani na watu wa New York, mlango nimefunga, nasikia kila neno sebuleni. Nasikia Mhasibu anasema nusu ya umeme itakuwa ni haki, kwa kuwa huyu yupo muda wote. Nasikia Kocha anasema "naunga mkono." Nikataka kutoka, na hapo hapo mteja akaniuliza swali, nikabaki nimesimama nusu, kiti kimening'ang'ania mgongoni kwa jasho, nasema yes, yes, absolutely. Kumbe sauti ilikuwa kubwa.

Asubuhi muhtasari ukawekwa kwenye grupu, mwandiko wa Shemeji, umepangwa kwa aya na tarehe juu. Agenda ya tatu, gharama za umeme: imeazimiwa mjumbe wa chumba cha nyuma achangie nusu. Mjumbe husika alikuwepo nyumbani, na alisikika akikubali kwa Kiingereza.