Malaria Iliyotoka Kwenye Spika

Kwanza niseme wazi: binamu yangu wa Malindi hakuwa na malaria. Mimi nilijua. Mama yake alijua. Asiyejua ni shangazi peke yake, mpaka usiku wa kuamkia Ijumaa, usiku wa hina ya bintiye, alipojulishwa mambo yote kwa mpigo mmoja mbele ya wanawake wasiopungua arubaini. Na chanzo chake ni hedifoni ya kuchezea geimu.

Hedifoni yenyewe niliiagiza kutoka Mombasa, shilingi 4,500. Ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti hadi kwetu Lamu, nami nikaenda kuipokea gatini kama mtu anayempokea haji. Kubwa, nyeusi, ina taa za rangi masikioni (za nini, na mvaaji hazioni?), ina maiki ya kukunjua mbele ya mdomo, na haina waya. Badala ya waya ina kidude cha USB, kadiri ya ukucha wa kidole gumba. Unakichomeka kwenye laptopu, halafu kidude na hedifoni vinazungumza vyenyewe hewani. Hivyo ndivyo karatasi ya maelezo ilivyosema.

Mimi na binamu tuna ada yetu: baada ya Isha tunacheza mpira wa kompyuta, yeye Malindi, mimi Lamu, huku tukitukanana kwa heshima. Usiku wa kwanza dakika tano zilipita raha tupu. Ya sita sauti ikaanza kukatika: "Leo nita... kr... mabao ma... kr... na mama yako..." Mama yangu ana nini? Sikupata kujua, na nusu saa nzima nilicheza na hasira isiyo na anwani.

Asubuhi nikalipeleka suala barazani, kosa ambalo mtu wa Lamu hulifanya mara moja kwa wiki. Mmoja akasema ni chumvi ya bahari. Wa pili akasema kitu kisicho na waya si cha kuaminika, kama jahazi lisilo na nahodha. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akagonga ukuta kwa fimbo yake. "Kuta hizi," akasema, "walozijenga walikuwa hawataki mambo yao yasikike nde. Na wewe wataka yapite!"

Nikacheka, lakini kwa jambo la kuta alikuwa na haki. Nyumba yetu ni ya kale, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa chumba changu nimeupima kwa mkono: dhiraa na shubiri juu. Ila mimi na laptopu yangu tulikuwa upande mmoja wa ukuta huo, kwa hiyo hauwezi kuwa ndio uliokuwa ukimkata binamu masikioni mwangu. Hilo sikulifikiria wakati ule. Nilienda kwa fundi wa simu wa Langoni, akakitazama kidude, akakipuliza mara tatu kama mganga, akadai shilingi 200. Nikalipa. Mpaka leo ile pumzi ndiyo ghali kuliko zote nilizowahi kununua.

Basi nikaamua kusoma mwenyewe. Hedifoni kama hizi, na Bluetooth, na Wi-Fi nyingi za majumbani, zote hupita kwenye masafa ya redio ya gigahetsi 2.4. Ukitaka kuelewa, jifikirie Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, saa kumi na moja jioni: njia moja nyembamba, na humo humo wapite wanafunzi, mkokoteni wa soda, bibi na kapu lake, na punda sita wenye mizigo ya mchanga ambao hawampishi mtu. Kila mmoja ana haki ya njia, na hakuna anayefika kwa wakati. Na punda mkubwa kuliko wote humo ni maikrowevu, maana nayo hupashia chakula kwa mawimbi ya gigahetsi 2.45, na kidogo huvuja nje.

Hapo nikashtuka. Sisi tunayo maikrowevu! Kaka aliileta kutoka Uarabuni, na mama huitumia kila baada ya Isha kupashia samaki. Nikamfuata jikoni.

"Mama, nakuomba usipashe samaki mpaka saa nne. Samaki anamkata binamu."

Mama akanitazama kwa muda. "Samaki," akasema, "anamkata binamu."

"Ndiyo, mama."

Akafunga mlango wa maikrowevu, akabonyeza, akaondoka zake. Usiku ule sambusa nazo zilipashwa.

Nilisoma pia kwamba mwili wa mtu, ambao zaidi ya nusu yake ni maji, huyanywa mawimbi hayo, kwa hiyo ukikaa kati ya hedifoni na kidude, wewe ndiwe ukuta. Kumbe kila nilipogeuka kuchukua chai nilikuwa nikimzima binamu kwa tumbo langu! Nikahamisha meza mara nne, nikaihamisha rauta chaneli, nikabonyeza kitufe cha kuunganisha upya mpaka kidole kikaingia alama. Mwisho nikapata pembe iliyokuwa na nafuu: dirishani kabisa, mabao ya dirisha yamefunguliwa wazi, mgongo wangu chumbani, laptopu ikielekea nje.

Nje, ng'ambo ya kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawapishani, ndiko kwa shangazi. Dirisha langu la juu linatazama kiwanda chake, ule uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Zingatia hilo, maana mimi sikulizingatia.

Sasa spika. Alhamisi asubuhi shangazi aliniletea spika mpya ya Bluetooth, kubwa kama ndoo. "Mwanangu, iyaribu hini, yeo usiku ndiyo itakayoimba." Nikaiunganisha na laptopu yangu, nikapiga wimbo mmoja wa taarabu, ikanguruma vizuri, nikaizima, nikairudisha, nikapewa sahani ya mahamri kwa kazi yangu. Nilichosahau ni kuwaachanisha. Na tabia ya spika hizi, ukiiwasha humtafuta kwanza yule aliyelala naye mwisho. (Neno si zuri, lakini ndilo.)

Binamu naye alitakiwa awe Lamu tangu Jumatano, kwa sababu masufuria ya pilau ya Ijumaa hayajibebi. Badala yake alipiga simu kwa sauti ya kufa, akasema ni malaria, na shangazi akamsomea dua na kumwambia asitoke kitandani. Hakutoka, kwa kweli. Laptopu yake iko kitandani.

Usiku wa hina, mimi niliyekuwepo Lamu nilijificha chumbani nikisingizia kwamba natafuta waya. Tukaanza. Dakika ya sita: kr, kr. Hasira zikanipanda, nikakichomoa kidude ili nikichomeke upya. Na katika nukta hiyo hiyo, kule chini, kuna mtu akaiwasha spika.

Nikakichomeka, nikairudisha hedifoni kichwani: kimya. Si kr, si pumzi. "Haloo? Wanisikia? Haloo?" Kimya cha kaburi. Sauti ya laptopu ilikuwa imekwisha kupata nyumba nyingine, nami sina habari.

Kisha nikamsikia binamu. Lakini si masikioni. Alikuwa anazungumza dirishani.

Nikavua hedifoni, nikachungulia kichochoroni nikidhani amekuja kunishtukiza. Palikuwa na punda mmoja tu, amesimama chini ya taa, ananitazama. Na sauti ya binamu ikaendelea, kubwa, yenye mwangwi, kana kwamba imetoka kwa punda yule:

"...malaria gani, ndugu yangu! Nimekula mkate wa mofa na pweza sahani mbili! Wanijua mimi, nani abebe masufuria yale? Sufuria la shangazi lina uzani wa shangazi mwenyewe!"

Vigelegele vilivyokuwa vikipanda kutoka kiwandani vikakatika katikati. Hujapata kusikia kitu kama hicho, kigelegele kilichokatwa. Hubaki hewani kama mguu uliokosa ngazi.

Ningeweza kuifunga laptopu. Mkono ulikuwepo, laptopu ilikuwepo. Lakini mtu akipigwa na bumbuwazi hufanya jambo la kipumbavu lililo karibu, nami nikaivaa tena hedifoni, kana kwamba nikiivaa sauti itarudi ndani.

Spika hizi nyingi zina maiki pia, za kujibia simu, na laptopu yangu ilikuwa imeishika ile ya shangazi. Na Bluetooth ikifungua maiki, sauti hushuka hadhi, ikawa nyembamba kama ya mtu aliye ndani ya debe. Kwa hiyo kiwandani binamu akaanza kusikika kama mgonjwa wa kweli: "Mbona nasikia vigelegele? Umenifunga bao?" Naambiwa bibi mmoja alisema, "Masikini, homa imempanda," na shangazi nusura amhurumie tena. Nusura. Kisha akainama kwenye spika, mkono mmoja umejaa hina, akasema kwa upole ambao jamaa zangu wote wanauogopa:

"Mwana wa kaka yangu. Shangazi hapa. Malaria iyo ni ya ginsi gani, yala pweza?"

Malindi kukawa kimya. Halafu, kwa sauti ndogo, ya debe: "Shangazi... pweza ni dawa."

Wanawake arubaini wakacheka pamoja. Mimi nilizisikia cheko zile kupitia hedifoni iliyozimwa, kupitia mito miwili na kupitia ukuta wa dhiraa na shubiri.

Baada ya dakika tano mlango ukagongwa. Ni mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, na simu yake ndiyo iliyokuwa na nyimbo zote za usiku ule. "Mjomba, shangazi anakuita. Na uiachilie spika, nimejaribu kuiunganisha mara kumi yanikataa." Akaiachanisha yeye mwenyewe, maana mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Kisha akatazama ubavu wa laptopu, akatikisa kichwa.

"Mjomba, kidude umekichomeka tundu la buluu, bega kwa bega na hadidiski?"

"Kwani?"

Tundu la buluu ni USB 3.0, akaniambia, na zikifanya kazi, hasa na hadidiski, hutoa kelele za redio papo hapo kwenye gigahetsi 2.4. Intel wenyewe, watengenezaji wa chipu za kompyuta, waliliandika jambo hilo tangu 2012. Akavuta droo yangu, akatoa waya wa USB wa kurefushia, kama mita moja hivi, akauchomeka tundu la kawaida la upande wa pili, akakiweka kidude juu ya meza mbele yangu. Nikavaa hedifoni, nikafungulia wimbo. Safi kama maji ya mtungi. Wiki tatu, shilingi 200 za pumzi, ugomvi wa samaki, na dawa ilikuwa ndani ya droo yangu.

"Haya ndoo," akasema akimwigiza shangazi, "masufuria yangoja."

Binamu alishuka gatini kesho yake kabla ya swala ya Ijumaa, na kikapu cha maembe kichwani. Toka gatini hadi mlango wa shangazi alisalimiwa na kila mwanamke aliyempita, na salamu ilikuwa moja: "Pweza hajambo?" Akabeba sufuria la kwanza, akabeba la pili. La tatu, lile lenye uzani maalumu, shangazi alilisimamia mwenyewe na kusema apumzike kwanza, asije akazidiwa na homa.

Jioni nilimkuta chumbani kwangu, amejinyoosha, hedifoni masikioni, macho amefumba. Shangazi alikuwa yuko chini ya dirisha akimwita kwa jina lake na la babake. Nikaitazama hedifoni. Taa zake zilikuwa hazijawaka, na kidude kilikuwa mfukoni mwangu.