Plasta ya moyo ije Mbeya, ila tujue aanze nani

Mama wa Matamba ambaye moyo humwenda mbio ghafla, kisha kizunguzungu, hushuka kona za Hamsini na Saba hadi Chimala na kupanda basi la Mbeya mjini. Hospitalini analazwa, anabandikwa nyaya, anapimwa umeme wa moyo. Kipimo hicho husoma sekunde 10 hivi. Moyo ukiwa umetulia muda huo, karatasi hutoka safi, naye anarudi kwenye viazi vyake akiambiwa yuko sawa. Wiki inayofuata hali ni ile ile.

Kwa mgonjwa kama huyu, vihisi vya kuvaa vina hoja nzito. Miaka ya 1940 Mmarekani Norman Holter alibeba mgongoni mtambo wa zaidi ya kilo 35 ili arekodi moyo wa mtu anayetembea. Leo ni plasta ndogo kifuani, inayoandika kila pigo hadi siku 14, mtu akilima au akilala. Baadhi hutuma taarifa kwa simu bila waya. Kwa vijiji vyetu vya mabondeni ningechagua inayohifadhi yenyewe kwanza, mtandao ukipatikana ndipo itume.

Kinachosakwa zaidi ni mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo. Huja na kuondoka. Damu hutuama humo, huganda, na donge likifika kwenye ubongo ni kiharusi. Kwa mwenye mtetemo huu, hatari ya kiharusi huongezeka takribani mara 5.

Basi tuwavishe wazee wote? Hapa ndipo ninapositasita. Denmark walifuatilia wazee zaidi ya 6,000 wa miaka 70 hadi 90, baadhi yao wakiwekewa kifaa chini ya ngozi. Matokeo yalitoka 2021: waliokuwa na kifaa walikutwa na mtetemo mara 3 zaidi, wakaanzishiwa kwa wingi dawa za kuzuia damu kuganda, lakini viharusi havikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Huenda mtetemo mfupi usio na dalili hauna uzito ule ule. Dawa zenyewe, kwa upande wake, zinaweza kumvujisha mtu damu.

Na dawa ni safari nyingine. Warfarin, mojawapo ya dawa hizo, hutaka damu ipimwe mara kwa mara ili dozi irekebishwe. Dawa mpya hazidai hivyo, lakini bei yake iko juu, na mgonjwa ambaye valvu ya moyo, yaani kilango cha kupitisha damu, imebanwa kwa sababu ya homa ya baridi yabisi bado hushauriwa warfarin. Plasta haioni valvu hiyo wala haipimi presha. Kwa mzee asiye na dalili yoyote, mashine ya presha kwenye zahanati ya Makete au Ludewa ingemsaidia zaidi, na ni ya bei nafuu.

Kwa hiyo waanze wenye dalili zinazokuja na kupotea, na waliopata kiharusi chanzo kisijulikane. Hao jibu la plasta hubadilisha matibabu yao moja kwa moja.

Hata kwao, ununuzi usiishie kwenye kifaa. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Programu huchuja, ila lazima daktari asome na kutia saini. Akisoma aliyeko Dar es Salaam, mkataba utaje siku ngapi jibu lirudi Mbeya, na nani atampigia mama wa Matamba, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda kumbukumbu zake lakini haimpelekei majibu.