Baada ya Vita, Kodi: Jinsi Halmashauri Zetu Zilivyorudi

Kila inapofika Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, habari za Vita vya Kagera hurudi redioni na kwenye vijiwe vya kahawa, na karibu mara zote husimuliwa kwa mpangilio uleule. Majeshi ya Idi Amin yanavuka mpaka Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere analiambia taifa kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, vijana wanapanda magari kwenda mbele, na Aprili 11, 1979 Kampala inaanguka. Hapo msimulizi anameza funda la kahawa na simulizi inakuwa imekwisha. Mimi naona kwamba kwa sisi tunaoishi katika miji midogo ya mkoa huu wa Dodoma, mbali na bomu lolote lililodondoka, sehemu ya vita inayotuhusu zaidi ndiyo inaanzia hapo msimulizi anaponyamaza.

Ugogo na Urangi haukupigwa bomu hata moja, lakini vita vilifika. Vilifika pale mgambo walipoitwa, pale malori yalipochukuliwa kubeba askari na shehena, na pale wananchi walipochanga ng'ombe na chakula kwa ajili ya waliokuwa mstari wa mbele. Gharama ya vita hivyo hukadiriwa kuwa dola milioni 500 hivi, nayo iliiangukia nchi katika wakati mbaya kupita kiasi: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na bei ya mafuta ilipanda tena mwaka uleule wa 1979. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanajua kwamba mikanda haikulegezwa baada ya miezi hiyo, wala baada ya miezi mingine 18.

Sasa mtu ajiulize: katika miaka hiyo, Serikali ilikuwa na sura gani kwa mkazi wa Kondoa au Mpwapwa? Haikuwa sura ya jenerali, wala ya waziri. Ilikuwa ni meza ya karani, mhuri, kidau cha wino na foleni. Sukari, sabuni, vitenge na unga vilipopungua, aliyeamua nani apate kilo ngapi alikuwa mtu wa hapohapo mtaani, na jina lako lilipaswa kuwa kwenye orodha ya balozi wa nyumba kumi kabla ya kufika kwenye duka la ushirika. Nimesikia wazee wakikumbuka majina ya mabalozi wa wakati ule kwa ukali ambao hawauonyeshi wanapomtaja Amin mwenyewe. Siwashangai, kwa maana Amin walimsikia redioni tu, ilhali balozi alikuwa akiwatazama usoni na kuwaambia kwamba mgawo umekwisha.

Kulikuwa pia na kazi nyingine ambayo haina wimbo. Kijana asiporudi kutoka vitani, msiba wake huenda ukaliliwa kwa siku chache, lakini shauri lake linaendelea kwa miezi. Ni lazima ukoo ukae kikao na kumteua msimamizi wa mirathi, muhtasari uandikwe na wahusika watie saini au dole gumba, viongozi wa eneo wathibitishe kwamba marehemu alikuwa mtu wa hapo na kwamba huyu anayejiita mjane ndiye mjane, kisha jalada lipelekwe mahakama ya mwanzo. Jina lililoandikwa kwa herufi moja tofauti na lile la jeshini linatosha kumrudisha mama mzee kijijini kwa miguu. Ninaposema kwamba vita huishia katika ofisi ndogo, maana yangu ndiyo hiyo: kwa familia ile, amani haikutangazwa Kampala, ilitangazwa siku karani alipokubali kwamba karatasi zote zimetimia.

Jambo ambalo huwa halisemwi sana ni kwamba wakati huo wote wilaya zetu hazikuwa na serikali zao za mitaa kwa maana tunayoijua leo. Halmashauri za wilaya zilikuwa zimefutwa mwaka 1972 kwa ule mpango ulioitwa madaraka mikoani, na za miji zikafuata mwaka 1973. Jina la mpango lilisema madaraka yanashuka, lakini walioshuka hasa walikuwa maofisa wa Serikali Kuu waliopangwa na kulipwa kutoka juu, wakaja kukalia viti vya watu waliokuwa wakichaguliwa na wenyeji. Kwa hiyo katika miaka migumu kuliko yote tangu uhuru, mkazi wa wilaya alikuwa na ofisi nyingi za kumpangia na hakuwa na baraza lenye mfuko wake la kulibana.

Nikiri upande wa pili wa hesabu hii, maana kuna wanaopenda kuelezea kila kitu kwa vita. Halmashauri za miji zilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1978, miezi kadhaa kabla ya Amin kuvuka mpaka, na sababu ilikuwa wazi: miji ilikuwa imechafuka, barabara na mifereji haina mwenyewe, na kipindupindu kilikuwa kimeingia nchini. Vita havikuzaa wazo la kurudisha serikali za mitaa. Vita vilichofanya ni kumaliza fedha ambazo Serikali Kuu ilikuwa ikizitumia kuendesha kila kitu kutoka katikati, na hivyo wazo lililokuwa likitembea taratibu likaanza kukimbia. Zikaja sheria za mwaka 1982, namba 7 ya mamlaka za wilaya, namba 8 ya mamlaka za miji na namba 9 ya fedha za serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza kazi upya. Mwaka huohuo marekebisho ya Katiba yaliziingiza humo, na tangu hapo ibara za 145 na 146 zinazitaja waziwazi kwamba madhumuni yake ni kuwapelekea wananchi madaraka.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Kilichofika mnadani kwanza, hata hivyo, kilikuwa kodi. Pamoja na halmashauri ilirudi ile kodi iliyokuwa imefutwa mwaka 1969, safari hii kwenye stakabadhi ikiitwa kodi ya maendeleo, ingawa mitaani watu waliendelea kuiita kodi ya kichwa. Kizazi changu tuliiona utotoni katika miaka ya tisini. Siku ya mnada kamba ilifungwa barabarani tangu asubuhi, mgambo wakasimama upande huu na huu na fimbo mkononi, na kila mwanamume aliyepita akaingiza mkono mfukoni kabla hata ya kuulizwa. Baba mdogo alikuwa akiitunza stakabadhi yake ndani ya kipande cha nailoni kilichokunjwa mara nyingi, kwa sababu jasho likifuta namba ulihesabiwa kwamba hukulipa. Asiyekuwa nayo alikalishwa chini juani pamoja na wenzake, mbele ya wakwe na watoto, mpaka ndugu waje kumkomboa au akubali kuuza mbuzi aliyekuja naye. Wapo waliopita porini, na wapo ambao mnada wenyewe waliuacha, wakabaki nyumbani na mazao yao.

Ni jambo la kutafakari kwamba wengi wa mgambo waliosimama kwenye kamba hizo walikuwa matunda ya mafunzo yaliyopanuliwa kwa ajili ya vita. Taifa lilikuwa limewafundisha watu wake kulinda mpaka, na mpaka ulipotulia, mafunzo yale yalipata kazi nyingine mnadani. Simlaumu mgambo mmoja mmoja, kwa kuwa naye alikuwa akitafuta ugali.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa nchi hii ya kati. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya upande wa Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali van Deventer yaliingia Kondoa Aprili 1916 na Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huohuo, baada ya Wajerumani kuwa wamekwisha kuchukua mifugo, nafaka na wapagazi wa Wagogo, na Waingereza nao wakachukua kilichobaki. Kilichofuata ni njaa ya Mtunya, ambayo wazee bado wanaitaja kwa sauti ya tahadhari. Na utawala mpya ulipotulia, mwaka 1922 ulileta sheria ya kodi ya kibanda na kichwa, kisha mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ukawapa watemi na wakuu wa wenyeji kazi za utawala na hazina zao wenyewe. Kwanza daftari la walipa kodi, baadaye baraza. Mpangilio wa 1984 haukuwa mwana wa 1922, lakini ukiwaweka pamoja huwezi kusema hawafanani sura.

Hoja yangu basi ni hii: serikali za mitaa katika miji yetu midogo zilijengwa, mara zote mbili, wakati wa ukata wa baada ya vita, na kwa hiyo sehemu yao ya kukusanya iliota misuli mapema kuliko sehemu yao ya kujibu. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 2003 pamoja na utitiri wa vijikodi vya kero, na halmashauri zikaahidiwa ruzuku ya fidia. Nilishangilia kama kila mtu. Lakini kilichofutwa kilikuwa chanzo kimoja, na mazoea yakabaki. Tangu hapo vyanzo vikubwa vimeendelea kupanda juu. Kodi ya majengo, ambayo kokote duniani ni chakula cha manispaa, leo tunailipa kwa kukatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023, na sidhani kama kuna mtu anayenunua umeme usiku akajihisi anachangia mji wake. Ushuru wa mazao nao ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, uamuzi mzuri kwa mkulima, ambao kwa halmashauri inayotegemea alizeti na mahindi ulikuwa pigo. Kinachobaki mkononi mwa mji mdogo ni soko, mnada, stendi na machinjio, yaani ni mama mwenye meza ya nyanya na mwenye bodaboda.

Katika mji huu ninamoishi, kijana wa ushuru hupita sokoni asubuhi na mashine ya POS shingoni. Ni mwungwana, anasalimia, na mashine imepunguza sana ule wizi wa vitabu viwili vya stakabadhi ambao kila mtu aliujua. Anatoa kijikaratasi chenye jina la chanzo, kiasi, tarehe na saa. Mama akikipokea anakitia chini ya mizani, na jioni kimefutika. Hatua kumi kutoka hapo kuna choo cha soko kilichofungwa kwa mnyororo, na akimwuliza yule kijana kitafunguliwa lini, kijana anajibu kwa haki kabisa kwamba yeye ni wa ushuru, choo ni cha idara nyingine. Hakuna aliyesema uongo hapo. Muundo ndivyo ulivyo: anayepokea hajui, na anayejua hapiti sokoni.

Huwa tunaambiwa kwamba taarifa za mapato na matumizi zipo, na ni kweli zipo. Kamati ya fedha, uongozi na mipango hukutana kila mwezi na kuletewa takwimu, baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka, na vijijini mkutano mkuu unapaswa kusomewa mapato na matumizi kila miezi mitatu. Lakini mfanyabiashara wa soko la mji mdogo hawezi kufunga meza akasikilize kikao cha siku nzima kilichojaa maneno ya kasma na bakaa. Apelekewe pale anapolipia. Ubao mmoja kwenye lango la soko, wenye kiasi kilichokusanywa sokoni hapo mwezi uliopita, kilichorudi sokoni hapo, na jina la cheo cha mtu wa kuulizwa, unaweza kuandikwa kwa chaki na karani yuleyule anayeandaa taarifa ya kamati.

Mweka hazina mmoja niliyezungumza naye alinipinga kwamba fedha za halmashauri ni mfuko mmoja, kwamba ushuru wa soko unaweza kuwa umejenga zahanati ya kata nyingine, na kwamba ubao kama huo utawafanya wenye soko wadhani kila senti ni yao. Ni pingamizi la maana. Basi iandikwe hivyohivyo, kwamba kiasi fulani kimekwenda kwenye zahanati ya kata ile, na mama wa nyanya aamue mwenyewe kama ataridhika au atamngoja diwani wake. Baraza la madiwani lina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na hutumia uwezo huo mara kwa mara kupanga viwango vya ushuru na faini. Safari ijayo litakapokaa kupandisha ushuru wa meza, kifungu cha ubao kinaweza kuingia kwenye sheria ndogo hiyohiyo.