Sihami Ruwi

Mkataba wangu wa nyumba unaisha mwezi ujao, na kila mwaka ukikaribia kuisha simu huanza. Wenzangu kazini wananiuliza lini nitahamia Bausher au Al Khuwair, kwenye maghorofa mapya yenye bwawa la kuogelea na maegesho chini ya jengo. Dalali mmoja amenitumia picha kumi na mbili za jiko moja. Nimewajibu wote kwamba sihami. Na kwa kuwa vijana wetu wengi wanaokuja hapa Muscat, mji mkuu wa Oman, kutafuta maisha wanashauriwa waikimbie Ruwi mapema iwezekanavyo, acha niseme kwa nini naona ushauri huo si mwema.

Kwa asiyepajua, Ruwi ni bonde lililozungukwa na milima ya mawe matupu, ndani ya wilaya ya Mutrah, na ndiyo moyo wa biashara wa Muscat. Zamani ndege zilitua humu bondeni, karibu na ngome ya Bait al Falaj, mpaka uwanja wa Seeb ulipofunguliwa mwaka 1973. Baada ya hapo pakajengwa mabenki. Benki Kuu ya Oman iko hapa mpaka leo. Ngome nayo ipo, na tangu 1988 ni makumbusho ya jeshi. Ni ya zama za Seyyid Said bin Sultan, yule yule aliyehamishia ufalme wake Unguja na kuijaza mikarafuu. Mimi ni mtu wa Tanga. Naipita ngome hiyo asubuhi nikienda kazini kwa miguu, na kila nikiipita nakumbuka jinsi bahari hii ilivyotuunganisha na watu hawa: kwa biashara, kwa ndoa, na kwa utumwa pia.

Niliingia Oman Juni 2018, mwezi ule ambao Quriyat, mji wa pwani kusini-mashariki mwa hapa, ulikesha na joto lisiloshuka chini ya nyuzi 42.6 usiku wa tarehe 26. Kampuni ilinipangishia chumba upande wa Azaiba, ng'ambo ya barabara kuu. Chumba kizuri, kipya, kimya. Nilikaa miezi minane na sikujua jina la jirani hata mmoja. Kwenda kununua mkate ilikuwa safari ya teksi, maana barabara ya njia sita haivukwi kwa miguu. Natoka kwenye kiyoyozi cha chumba, naingia kwenye kiyoyozi cha gari, nashukia kwenye kiyoyozi cha ofisi. Jioni naongea na mke wangu kwa simu, nalala. Nimewahi kuugua homa siku tatu mle ndani bila mtu kubisha hodi. Ndipo nilipoanza kutafuta nyumba mjini.

Katika kutafuta nilikumbana na jambo lililoniuma. Dalali mmoja wa vitongoji vile vya wenye nafasi aliniuliza kwenye simu natoka nchi gani, nikamwambia. Akajibu kwa upole kabisa kwamba mwenye nyumba anapendelea Wazungu. Ruwi hakuna aliyeniuliza swali hilo. Waliniuliza kama nina kadi ya ukaazi na kama naweza kulipa rial 180 kwa mwezi.

Njoo uione barabara ya soko la Ruwi asubuhi ya Ijumaa, siku ya mapumziko. Wanaume wamepanga foleni kwenye maduka ya kubadilisha fedha wakituma mishahara Kerala, Lahore, Sylhet na Dar. Chai ya maziwa, karaki wanayoiita, ni baisa 100 (rial moja ni baisa 1,000) na unainywa umesimama kando ya barabara. Rafiki yangu wa Moshi anawahi misa, kwa kuwa makanisa hapa husali Ijumaa pia. Wakatoliki na Waprotestanti wako ndani ya ua mmoja, kwenye ardhi waliyopewa na Sultan Qaboos, mtawala wa zamani wa Oman. Wahindu wanateremka kuelekea hekaluni Darsait. Ikifika adhuhuri, misikiti inajaa mpaka watu wanatandika miswala kwenye vivuli vya magari. Kwa mtu aliyezoea Kariakoo, mahali hapa hapahitaji maelezo.

Fundi anayenishonea kanzu ni Mbangladeshi. Ana chaki ya buluu sikioni, na ukutani amebandika picha ya nyumba aliyoijenga kwao, ya ghorofa moja, ambayo yeye mwenyewe amelala ndani yake likizo mbili tu. Kanzu yangu ya kwanza aliikata fupi. Alipoona sikulalamika alikataa kuchukua hela, akanunua kitambaa kingine kwa fedha yake. Tangu siku hiyo simpiti bila kuingia.

Na humo humo sokoni ndimo nilimompata bibi yangu wa Muscat. Alikuwa kwenye duka la vitambaa, amevaa shela nyeusi, anabishana bei kwa Kiarabu, kisha akageuka pembeni akanung'unika kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Huyu kaniona mtoto." Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Aliganda kidogo. "Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?" Nikamwambia Tanga. "Tanga ya mjini au ya mashamba?" Basi hapo tukasahau vitambaa. Amezaliwa Malindi, Unguja, akaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, akahangaika huku na kule, na alipokuja Oman miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipowaita Waomani warudi kujenga nchi, alikuwa na pasipoti ya hapa na damu ya hapa. "Lakini Kiarabu cha kuombea maji sikuwa nacho," akaniambia. "Wakituita Wazinjibari. Mimi na wewe, mwanangu, sote tulifika hapa wageni."

Maneno yale nimeyatafakari sana. Kiarabu cha hapa kinatuita wageni wote *wafidin*, waliowasili. Mhandisi Mwingereza ni wafidi na mfagiaji wa barabara ni wafidi, na sensa ya Desemba 2020 ilituhesabu pamoja: karibu watu wanne kati ya kila kumi nchini. Kwetu Dar tumegawa. Anayekaa Masaki na gari la ofisi tunamwita mtaalamu wa kigeni, na mwingine tunamwita mhamiaji. Nasikitika kuona Watanzania wenye vyeti wakifika huku na mgawanyo huo vichwani, wanakimbilia kule ambako hawatapanda lifti moja na waashi. Mimi nasema panda lifti hiyo. Utakaposhikwa na shida, hao ndio watakaokuwa mlangoni kwako.

Sisemi haya kwa kubuni. Tarehe 1 Aprili 2020 wilaya nzima ya Mutrah ilifungwa kwa sababu ya korona, na sisi wa Ruwi tukafungwa ndani yake. Polisi na jeshi walisimama kwenye njia za kuingia na kutoka. Mke wangu na binti yetu walikuwa wamenifuata mwaka uliotangulia. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Chini yetu walikaa wanaume wanane kwenye vyumba viwili, wanne wao wahudumu wa mkahawa uliofungwa, hawana mshahara. Siku ya tatu mke wangu alipika wali mwingi akaushusha kwenye sufuria na kuuacha ngazini. Asubuhi sufuria ilikuwa imerudi, imesuguliwa inang'aa, na ndani yake kuna ndimu mbili na pilipili. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Kumbe kwao vilevile. Ile sufuria ilipanda na kushuka ngazi hizo mpaka Juni tulipofunguliwa. Mimi nilipopata homa, mmoja wao alinyanyua dumu la maji ya kunywa kutoka chini hadi ghorofa ya tatu kila siku, akaliweka mlangoni, akabisha na kuondoka.

Wawili kati ya wale wanne walirudi kwao. Mmoja alibaki kwa sababu Januari 2021 sheria ilibadilika, na mfanyakazi aliyemaliza mkataba hakuhitaji tena barua ya ridhaa ya kafili wake wa zamani, yaani mwajiri aliyemdhamini, ili ahamie kazi nyingine. Sasa yuko mkahawa wa mtaa wa pili, na binti yangu anamwita mjomba.

Ruwi ina matatizo, na nayasema kwa kuwa napapenda. Milima inahifadhi joto la mchana na kuturudishia usiku. Magari yanaegeshwa juu ya njia za waendao kwa miguu. Miti ya kivuli ni michache, mabenchi machache zaidi, na jioni ya Ijumaa mke wangu huona wanawake wachache mno barabarani. Benki kubwa zimehamishia makao yao makuu upande wa uwanja wa ndege, ofisi zinafuata, na wenye majengo wanaona haina haja kukarabati. Lifti yetu imekufa mara tatu mwaka huu.

Watu wanaliita bonde hili mtaa wa mabachela, kana kwamba wanaume hawa walipenda kuishi bila wake zao. Nilipofika, sharti la kuleta familia lilikuwa mshahara usiopungua rial 300 kwa mwezi. Mhudumu wa mkahawa angezitoa wapi? Ana mke na watoto, anawaona kwenye kioo cha simu. Napinga kwa moyo wote mawazo ya kuwasukuma watu hawa pembezoni, kwenye kambi za nje ya mji, ili katikati pabaki pa kupendeza. Mji huu wanausafisha wao, wanaujenga wao, na Ruwi ndiyo sehemu pekee wanayoweza kutembea kwa miguu wakiwa na haja ya kinyozi, duka, msikiti, kituo cha basi na mtu wa lugha yao. Pandeni miti. Wekeni mabenchi yenye kivuli. Ondoeni magari njiani. Hayo yangetosha kwa kuanzia.

Na wewe unayekuja kwa kazi, ukipewa posho ya nyumba, chukua chumba Ruwi angalau mwaka wako wa kwanza. Jifunze majina ya watu wa ngazi yako.

Jumapili, siku ya kwanza ya kazi hapa, nitakwenda kwa msimamizi wa jengo kusaini. Nimemwomba aandike miaka miwili badala ya mmoja, na kwenye karatasi hiyo hiyo aandike tarehe ya kutengeneza lifti, maana yule bibi wa Malindi ameahidi kuja kula kwetu, na ngazi za ghorofa tatu magoti yake hayaziwezi.