Manila isiyo manila

Wiki iliyopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga kununua kamba ya kufungia turubai. Kijana wa dukani akanikatia mita kumi za manila ya bluu, akawasha kiberiti cha gesi na kuunguza ncha zote mbili zisifumuke. Zikayeyuka, zikadondosha tone, zikanuka kama mshumaa uliozimwa sasa hivi. Nikamwuliza kama anayo kamba ya katani.

"Hiyo hatuleti, mzee. Nani atainunua?"

Na mashamba ya mkonge, mmea unaotoa katani, hayako mbali na duka lake.

Hata jina lenyewe ni la kuazima. Manila ya kweli ilikuwa kamba ya abaka, mmea wa jamii ya mgomba kutoka Ufilipino. Hii tunayouziwa ni polipropilini, aina ya plastiki, na asili yake ni gesi ya viwanda vya kusafishia mafuta. Mfuko wa sandarusi nao ni vilevile. Sandarusi waliyoijua mababu zetu ni utomvu mkavu uliochimbwa ardhini mwambao huu, ukapitia Zanzibar hadi Salem, Marekani, kupikwa vanishi. Biashara ile imekwisha zamani, jina likahamia kwenye kiroba cha plastiki.

Kisa cha mkonge, kwa maoni yangu, tunakisimulia nusu. Kaa kijiwe chochote hapa utaambiwa: Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 mwaka 1893, ikapona 62, ikazaa mashamba yote haya, mwaka 1964 tukafika kama tani 230,000, 1967 serikali ikataifisha, basi, mkonge ukafa. Sisemi kutaifisha hakukuumiza. Kuliumiza, na usimamizi uliofuata ukaumiza zaidi. Lakini bei ilikuwa imeshaanza kuporomoka kabla ya hapo, na sehemu ya sababu ilipikwa Mülheim, Ujerumani, ndani ya chombo ambacho hakikusafishwa vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkemia Karl Ziegler na wenzake walikuwa wakijaribu kuunganisha molekuli za gesi ya ethilini ziwe mnyororo mrefu, yaani plastiki, kwa msaada wa michanganyiko ya alumini. Safari moja mnyororo ukagoma, molekuli zikaishia kushikana mbili mbili tu. Kuchunguza, wakakuta mabaki kidogo ya nikeli mle chomboni. Wengine wangesugua chombo wakaendelea na kazi. Wao wakajiuliza: kama nikeli inakata mnyororo, metali nyingine zitafanya nini? Wakazipitia moja baada ya nyingine, mpaka mwaka 1953 titani ikawapa polithini ngumu bila kuhitaji mgandamizo mkubwa, kiasi kwamba waliweza kuitengeneza ndani ya mtungi wa kioo wa kuhifadhia matunda. Njia ya kampuni ya ICI ya Uingereza, iliyotokana na ugunduzi wa 1933, ilidai mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara elfu.

Mwaka 1954 mkemia Giulio Natta, kule Milano, Italia, akaujaribu mchanganyiko wa aina hiyo, yaani kichocheo cha kuunganisha molekuli, kwa propilini, gesi ambayo wasafisha mafuta walikuwa nayo tele. Kila molekuli ya propilini ina kijitawi. Kichocheo kilivipanga vijitawi hivyo upande mmoja, kwa hiyo minyororo ikaweza kulala ikibanana kama miyaa ya mkeka uliosukwa vizuri, ikatoka plastiki ngumu, ndiyo polipropilini, badala ya uji unaonata. Kiwanda kikaanza Ferrara mwaka 1957. Ziegler na Natta wakapewa Nobeli ya kemia 1963, mwaka mmoja kabla ya kilele chetu.

Soko letu kubwa lilikuwa kamba za kufungia nyasi kavu kwa wakulima wa Ulaya na Marekani. Utando wa polipropilini hukatwa vipande vyembamba na kuvutwa mpaka minyororo inyooke, kisha husokotwa. Haiozi, ni nyepesi, hata majini inaelea. Korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge, ingefanya kazi usiku na mchana, bado ingeshindana na kitu hicho kwa taabu.

Kinachonikera ni kwamba hata kemia ya mkonge wenyewe waliifanya wengine. Singa, yaani nyuzi tunazozitoa, ni kama sehemu 4 tu kwa 100 za uzito wa jani. Mengine ni maji na makapi. Katika maji hayo kuna kemikali iitwayo hekojenini, na miaka ya 1950 kampuni ya dawa ya Glaxo ya Uingereza iliitumia, ikitokana na mkonge wa Afrika Mashariki, kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni, za kutuliza uvimbe mwilini. Sisi huku tulihesabu marobota. Baadaye angalau Hale, hapa mkoani Tanga, kulijengwa mtambo wa biogesi wa kutumia makapi hayo. Ningependa kila mkutano wa wadau wa mkonge uwe na mkemia wa kuuliza jani lina nini kingine, maana maafisa wa masoko na bei zao tunao wa kutosha.

Kilichonipeleka dukani, kwa kweli, ni manila ya zamani. Nilifunga nayo turubai lile lile miaka miwili iliyopita, jua likaila. Ukiisugua inabaki unga wa bluu kiganjani, na kila asubuhi naufagia barazani.